MAUNGIO YA BODI ZA JIPSAMU: KUZIBA MAPENGO NA KUBANDIKA TEPU NYUMBANI

Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa genge la njia ya reli katika mkutano wa tawi



Katibu ameniomba nizungumze nanyi kidogo juu ya kazi ya kumalizia bodi za jipsamu, yaani kuziba mapengo yaliyo kati ya bodi na kubandika tepu juu ya maungio, mpaka dari au ukuta uonekane kama kitu kimoja. Kwanza yafaa niseme mimi si fundi wa majumba. Mimi ni mtu wa genge la njia. Kazi yangu ni reli, mataruma na kokoto. Shule nilisoma kwa wamisheni mpaka darasa la nane, na hapo karo ikakatika. Lakini Katibu alifika nyumbani kwangu, akaangalia dari, akauliza ni nani aliyeifanya. Nikamwambia ni mimi. Akasema, basi utakuja kuwaeleza wenzako. Siku ile sikumwambia habari yote. Leo nitaisema yote, hata ile sehemu inayonitia aibu.

Wengi wetu hapa tunajenga kidogo kidogo. Mtu hupata mkopo wa akiba, akasimamisha kuta, akaezeka bati, na fedha zikaisha hapo hapo. Mchana nyumba ya bati ni tanuri. Mvua ikinyesha huwezi kumsikia mtu aliye mbele yako. Watoto wangu wawili walikuwa wakisoma jioni katika chumba hicho, na mvua ikianza hufunga vitabu, kwa maana hata mmoja akimsomea mwenzake hasikiki. Ndiyo sababu niliyonunua bodi. Sikutafuta urembo.

Bodi hii ni nini? Ni jiwe laini liitwalo jipsamu, lililosagwa na kuchomwa, kisha likakorogwa na maji na kumwagwa katikati ya karatasi mbili ngumu. Mmarekani mmoja, Augustine Sackett, alipata hati ya bodi ya namna hii mwaka 1894. Jiwe lenyewe si geni kwetu. Lachimbwa Kajiado, na viwanda vya simiti hulitia kidogo ndani ya simiti ili isigande upesi mno. Bodi tunazouziwa madukani huwa na upana wa milimita 1,200 na urefu wa milimita 2,400, yaani karibu futi 4 kwa futi 8. Unene ni milimita 9 au 12 hivi. Ile nyembamba hutumika zaidi darini.

Sasa nawaomba mwiangalie bodi vizuri kabla ya kuishika, kwa kuwa watu wengi hawaiangalii. Pande zake mbili ndefu zimepunguzwa unene kidogo karibu na ukingo. Ukiweka bodi mbili ubavu kwa ubavu, pale zinapokutana panakuwa na bonde jembamba. Bonde lile si kosa la kiwandani. Limewekwa makusudi, ili tepu na fila vilale ndani yake visizidi usawa wa bodi. Lakini vichwa vya bodi, zile pande mbili fupi, havina bonde. Vivyo hivyo ubavu wowote uliokata mwenyewe kwa kisu au msumeno. Kichwa kikikutana na kichwa, tepu lazima ikae juu, na ungio litainuka kama tuta. Kwa hiyo panga bodi zako ili vichwa vikutane mara chache iwezekanavyo, na visikutane vyote katika mstari mmoja. Wapishanishe kama mwashi anavyopishanisha matofali.

Nitasema kwa nini ungio lapasuka, maana hapo sisi watu wa reli tuna elimu yetu. Kila mtu wa genge ajua kwamba njia haiharibiki katikati ya reli, huharibika mwishoni mwake. Reli mbili zikikutana huachwa nafasi ndogo, kwa sababu chuma hutanuka jua likiwaka na kurudi usiku. Pale pana vyuma viwili vya pembeni na bolti. Bolti zikilegea, gurudumu hupiga, taruma huzama, kokoto husagika kuwa unga. Hata huko kwenye reli mpya wanakochomelea vipande viwe reli moja ndefu, joto halikukatazwa. Hulazimika kushikwa kwa nguvu nyingi ili lisiipinde njia.

Nyumba ni hivyo hivyo. Saa sita bati limewaka, mbao za paa zimejinyosha. Usiku zinarudi. Upepo wainua paa kidogo na kulishusha. Fremu ya dari imefungwa kwenye mbao zile, basi nayo hutembea, na bodi ni ngumu, haipindi. Ile nguvu yote hutafuta mahali panyonge, na mahali panyonge ni ungio. Fila peke yake haiwezi kuvutwa. Ni kama biskuti, ukiibana hustahimili, ukiivuta hukatika. Tepu ndiyo hushika bodi mbili zisiachane. Kazi ya fila ni kuishika tepu na kuificha. Mtu akiziba ungio kwa fila bila tepu amejaza ufa wa kesho.

Lakini kabla ya tepu kuna mambo mawili, na hapa ndipo mimi nilipokosea kwanza.

Jambo moja ni skrubu. Kichwa cha skrubu kizame kidogo tu chini ya uso wa karatasi, lakini karatasi isipasuke. Kikitokeza, hakuna fila itakayokificha. Kikizama mno kikatoboa karatasi, hakishiki tena kitu, maana nguvu ya bodi ni karatasi yake. Pitisha ubapa wa skrepa juu ya skrubu zote. Ukisikia chuma kikigonga chuma, hiyo bado haijaingia. Darini usiziache skrubu mbali mbali. Mimi niliziweka kila zaidi ya futi moja na nusu ili nisinunue pakiti ya pili. Ilitakiwa yapata milimita 200, karibu urefu wa kiganja na kidogo. Bodi iliyoshikwa hivyo haishuki na haitikisiki, na bodi isiyotikisika haipasui ungio.

La pili ni mapengo. Bodi iliyokatwa na mtu kama mimi haikutani na mwenzake sawa sawa. Pengo dogo la milimita 3 au chini hujazwa pamoja na kubandika tepu. Pengo kubwa kuliko hilo lijazwe kwanza, peke yake, liachwe ligande kabisa, ndipo tepu ifuate. Likiwa pengo la kuingia kidole gumba, usilijaze hata kidogo. Kata kipande cha bodi kiingie hapo, au toa bodi uikate upya. Najua inauma kutoa bodi uliyokwisha kuifunga. Mimi sikutoa.

Sasa fila. Ziko namna mbili, na mtu asiyejua tofauti yake atapata hasara kama niliyoipata. Kuna fila ya unga, huja katika gunia au mfuko, ukaichanganya na maji mwenyewe. Na kuna fila ya ndoo, imekwisha kukorogwa, ukafungua kifuniko na kupaka.

Fila ya unga hugeuka jiwe. Lile jiwe la jipsamu lilipochomwa kiwandani, kwa moto wa kiasi cha nyuzi 150 hivi, lilipoteza robo tatu za maji yaliyofungwa ndani yake. Unapolirudishia maji hulinywa tena na kuwa jiwe kama lilivyokuwa. Ukiweka kiganja juu yake wakati linaganda utahisi lina joto kidogo. Kwa hiyo halihitaji kukauka ili liwe gumu. Hugeuka gumu hata chumba kikiwa na unyevu, nalo halisinyai sana. Fila ya ndoo haigandi hivyo. Hiyo hukauka tu, maji yake yakitoka hewani, na kila maji yanapotoka hupungua mwili. Ukiijaza katika pengo pana itasinyaa, itapasuka katikati, na ndani itabaki laini kwa siku nyingi huku juu ikionekana kavu. Uzuri wake ni kwamba ni laini kupaka na rahisi kusugua. Basi mapengo na mkono wa kwanza wafaa fila ya unga. Mikono ya juu wafaa fila ya ndoo.

Ukichanganya ya unga, tia maji safi kwanza katika ndoo, kisha nyunyiza unga polepole, uache unywe maji dakika chache, ndipo ukoroge. Changanya kidogo, kiasi cha kumaliza kabla haijaganda. Ikianza kugeuka ngumu itupe. Usiongeze maji kuifufua, kwani itaonekana laini lakini ikishakauka utaikwangua kwa ukucha. Na ndoo ioshwe kila mara. Chembe za fila ya zamani zikibaki ndani, ile mpya hugandia mkononi upesi kuliko ulivyotazamia. Mama watoto alinifundisha hilo, maana ndoo ilikuwa yake, na aliponikabidhi mara ya pili alikuwa na maneno.

Tepu nazo ziko mbili. Moja ni ya karatasi, imekunjwa alama katikati. Nyingine ni ya nyuzi za kioo kama wavu, ina gundi yake. Ile ya wavu ni rahisi kwa mtu mgeni, maana hubandikwa moja kwa moja juu ya bodi kavu, kisha fila hupakwa juu yake ikapenya katika matundu. Lakini wavu wataka fila ya unga kwa mkono wa kwanza. Ukiipaka fila ya ndoo juu ya wavu, nyuzi hunyoka kidogo fila inapovutwa, na ufa hupita katikati ya tepu ukiwa umetulia, kama vile tepu haipo. Ya karatasi hainyoki. Ndiyo yafaa zaidi kwa pembe na kwa vichwa vya bodi vinavyokutana.

Kubandika ya karatasi ni hivi. Paka fila ungioni, unene wa milimita 2 au 3, upana kupita tepu yenyewe. Weka tepu katikati. Kisha shika skrepa, uilaze kidogo, uvute kutoka katikati kwenda mwisho mmoja, halafu kutoka katikati kwenda mwisho wa pili, ili fila iliyozidi itoke pembeni. Usikamue yote. Lazima fila kidogo ibaki chini ya tepu, kwa sababu mahali palipo pakavu tepu haitashika, itafanya kipovu. Ukigonga kipovu kwa kidole hulia mtupu. Hapo pakate kwa kisu utoe, upake tena. Watu hukifunika kipovu kwa fila nyingi wakidhani kitalala. Hakilali.

Pembe ya ndani, pale kuta mbili zinapokutana, kunja tepu ya karatasi kwa ile alama yake, uisukume pembeni. Maliza ubavu mmoja, uuache ukauke, kesho yake ubavu wa pili. Ukijaribu zote mbili kwa wakati mmoja, skrepa itakwangua upande huu ukitengeneza ule. Pembe ya nje haitaki tepu ya kawaida, hutaka kile chuma chembamba cha kona, kwa maana watoto na viti watapita hapo.

Pale dari inapokutana na ukuta wa mawe au matofali, msijidanganye. Ukuta hautembei, dari hutembea. Fila ngumu hapo itapasuka hata akipaka mfalme. Wengi huficha pale kwa ukanda wa pambo wa jipsamu, na mimi nimefanya hivyo. Ukipenda bila pambo, acha nafasi ndogo uijaze ile gundi laini ya kuzibia inayovutika, iwezayo kupakwa rangi.

Mkono wa kwanza ukiwa mgumu kabisa, paka wa pili kwa skrepa pana zaidi, ufike upana wa milimita 200. Ukikauka, wa tatu, milimita 300. Penye vichwa vya bodi, kwa sababu pana tuta, uieneze zaidi, hata nusu mita au kupita, ili tuta lifiche kichwa chake polepole. Jicho halioni mwinuko uliotandazwa mbali, huona ule uliokatika ghafula. Kati ya mkono na mkono, kwangua tu matuta madogo kwa skrepa. Msasa ngojea mwisho. Na usiwe na haraka. Fila ya ndoo yataka yapata siku nzima kila mkono, na Mombasa au mahali penye mvua hutaka zaidi. Fila mbichi ina rangi nzito kuliko kavu. Ngoja mpaka ungio lote liwe na rangi moja.

Wakati wa kusugua, zima taa ya juu na ushike tochi kando ya dari, mwanga upite ubavuni. Kila tuta litaleta kivuli. Tumia msasa laini na mkono mwepesi. Ukianza kuona manyoya ya karatasi, umekwisha kupita, acha.

Hapo nataka kusimama kidogo, maana sitaki mtu aniambie baadaye kwamba hakuambiwa. Vumbi la fila si unga wa ugali. Huweza kuwa na madini ya namna nyingi, mara nyingine hata silika, ile inayoharibu mapafu ya wachimba mawe. Mwaka 1999 taasisi ya Serikali ya Marekani ya usalama na afya kazini ilieleza kwamba wasuguaji wa bodi walikutwa katika vumbi lililofikia mara 10 ya kiasi kilichoruhusiwa na sheria ya huko. Na katika fila za zamani mlikuwa na asbesto mpaka Marekani ilipozikataza mwaka 1977. Kwa hiyo yeyote anayekaa katika jengo la zamani lenye dari za asbesto, au asiyejua dari yake ni ya nini, asiiguse kwa msasa wala drili.

Fila zetu za leo, sugua ukiwa umevaa barakoa ile ngumu ya kuchuja vumbi, si kitambaa tulichovaa mwaka 2020. Fungua madirisha, watoto watoke, funika vitanda. Bora zaidi, tumia sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa. Inalainisha fila bila kurusha vumbi. Ni ya polepole, lakini kifua ni chako. Na yule mwenye kumwajiri mtu afanye kazi hii kila siku, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka ampe vifaa vya kujikinga, si amwambie afunge shati puani.

Mwisho wa kazi ni rangi. Karatasi na fila hazinywi rangi kwa kiasi kimoja. Ukipaka rangi ya mwisho moja kwa moja, mistari yote ya maungio itajionyesha kama mbavu. Paka kwanza mkono wa chini, uache ukauke, ndipo rangi yako. Na kama paa lavuja, ziba paa kwanza. Bodi iliyolowa hubonyea kama mkate katika chai, na hapo hakuna tepu itakayokusaidia.

Sasa nafika pale nilipowaahidi.

Dari yangu ya kwanza sikuimalizia mimi. Bodi nilizikata na kuzifunga mwenyewe Jumapili moja na rafiki, ili kupunguza gharama. Kisha nikamwita kijana fundi wa kuziba na kupaka. Tulipatana kwa mita mraba. Alipofika alitazama juu, akaniambia maneno matatu. Akasema, mzee, haya mapengo ni makubwa, ninunulie mfuko wa fila ya unga. Akasema, hapa penye vichwa nataka tepu ya karatasi. Akasema, nipe siku sita. Mimi nilikuwa nimekwisha kununua ndoo moja ya fila na tepu ya wavu, kwa kuwa mwenye duka aliniambia vyatosha. Nikamwambia atumie vilivyopo. Na siku sita sikumpa. Mama mkwe alikuwa anakuja mwisho wa juma. Nikampa siku tatu pamoja na rangi.

Alifanya. Alilipwa kwa mita, na kila siku ya kukaa akingojea fila ikauke ilikuwa siku asiyopata kitu. Mama mkwe alikuja akasifu. Baada ya wiki saba nyufa zikatokea, ungio moja baada ya jingine, mistari mirefu toka ukuta hadi ukuta. Nilikuwa nimebaki na salio lake la shilingi 4,500. Alipokuja kuidai nilimtoa nje, nikamwita mwizi mbele ya majirani, na salio sikumpa. Hakubishana nami. Alichukua mfuko wake akaenda.

Niliponunua skrepa nianze upya, nilikata maungio yale kwa kisu. Ndani ya mapengo fila ilikuwa bado laini kama jibini, baada ya miezi miwili. Tepu ya wavu ilikuwa imepasuka katikati vile nilivyowaeleza. Bodi zilipanda na kushuka nikizisukuma kwa kidole, kwa skrubu nilizozihesabu mimi. Nilikaa juu ya ngazi nikitafuta kosa la yule kijana. Nililoliona ni kwamba hakukataa kazi mbovu, na mtu mwenye njaa akatae vipi?

Ndugu zangu, sisi tunajua habari hii. Genge likiambiwa lipige kokoto kwa mwendo wa haraka ili treni lipite kwa saa yake, kisha njia ikizama, anaitwa nani? Haulizwi aliyetaja saa. Tumelisema jambo hili mikutanoni mara ngapi, tena kwa sauti kubwa. Na mimi niliyelisema, nyumbani kwangu nilikuwa ndiye aliyetaja saa.

Nilifanya kazi upya majuma matatu, jioni na Jumapili. Niliongeza skrubu, nikatoa bodi moja nikaikata tena, nikajaza mapengo kwa unga, nikabandika karatasi, nikangoja. Imepita mvua ndefu moja na fupi moja, na maungio yamekaa, isipokuwa moja la vichwa karibu na mlango. Hilo nililikamua mno. Katibu hakuliona, lakini lipo.

Kisha nilimtafuta yule kijana. Nilimkuta katika jengo jingine, nikampa 4,500 zake, na nikamwambia mbele ya wenzake kwamba kosa lilikuwa langu. Alihesabu fedha, akaniuliza, ulitumia karatasi? Nikasema ndiyo. Akasema, na ulingoja? Nikasema majuma matatu. Akacheka, akasema kwa majuma matatu yeye angekuwa amefunga ofisi.

Ndugu mmoja wa karakana ameniuliza kabla ya mkutano, je, tukijifunza kufanya wenyewe, vijana hawa watakula nini? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kizuizi kidogo cha chumba, au ufa mmoja, mtu na ajifanyie. Dari ya nyumba nzima mpe fundi, kwa maana kuinua mikono juu siku nyingi si mchezo, na yeye atamaliza vizuri kuliko mimi. Lakini uijue kazi kiasi cha kutomnunulia vitu vibaya na kutomkimbiza. Na mkipatana, patana kwa kazi nzima pamoja na siku za kungoja, si kwa mita peke yake, na aandike vifaa anavyovitaka, wewe uweke sahihi yako chini. Ukikataa kununua, karatasi itasema ni nani aliyekataa.

Namba ya simu ya kijana yule anayo Katibu, kwa ruhusa yake mwenyewe. Tena nimebaki na nusu gunia la fila ya unga, ambayo haipendi kukaa, kwa sababu ikivuta unyevu huganda vibaya, na mita kadhaa za tepu ya karatasi. Mwanachama mwenye ungio la kuziba aje kwangu Jumamosi baada ya saa nane. Aje na ndoo yake.